Mwaka Mfenesi Ulipozaa Kupita Kiasi

Ningeweza kusema hapana. Baba alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba akinoa panga, akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu, kama ninaweza kuukausha mfenesi wa Mama Mkubwa bila shoka kusikika. Nikasema naweza. Hakunivuta sikio wala hakunionyesha fimbo. Aliuliza, nikakubali, tena nilikubali haraka, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Watu wanaonitakia mema huniambia nilikuwa mtoto tu. Sipendi kuambiwa hivyo. Mtoto huyo alijua kusoma, alijua kudanganya, na alijua vizuri mti ule ulikuwa wa nani.

Mwaka huu mjukuu wangu alishuka kwenye gari kutoka Benaco amekumbatia fenesi kifuani. Alilisukuma chini ya kitanda changu, mahali penye joto, limalizie kuiva. Kulipokucha nyumba nzima ilikuwa inanuka. Ninyi wa rika langu mliokulia Ngara au Biharamulo mnaijua harufu hiyo, tamu mpaka inakaribia kuoza, inaingia kwenye blanketi na haitoki. Nilimwambia alitoe nje. "Babu, mbona limeshaiva?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo maana. Amelipeleka kwa jirani, na wanangu wanasema uzee umenifanya mkali. Si uzee.

Mama aliyenizaa alikufa kabla sijaweza kuushika uso wake akilini. Baba hakuoa tena, wala hakujifunza kupika. Nyumba yetu pale Nyakisasa ilipakana na ya Mama Mkubwa, mjane wa kaka yake Baba. Alikuwa Msubi, aliletwa kutoka Biharamulo kuja kuolewa, naye hakujaliwa mtoto. Ni yeye aliyenilisha. Asubuhi uji wa mtama, jioni ndizi na maharage, na msimu wa mafenesi ulipofika tulikula nyama yake ya njano mchana, kisha jioni tukazichoma kokwa kwenye majivu ya moto. Nililala kwa Baba na kula kwa Mama Mkubwa, na kwa muda mrefu nilidhani kila mtoto ana nyumba ya kulala na nyumba ya kula.

Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na vita. Kaka yake alipokufa, Baba aliitaka ardhi yake. Alidai kwamba mwanamke asiye na mtoto anarudi kwao. Wazee wa kitongoji wakakaa. Wakakumbushana kwamba marehemu aliupanda mfenesi kwa mkono wake mwaka aliooa, kwa kokwa aliyopewa na mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu pale Biharamulo mjini, ambaye wazee wake walitoka pwani na mbegu za vitu vyao. Kwetu mti wa kudumu ulikuwa ndio ushahidi wa mtu katika ardhi. Wazee wakaamua kwamba kuanzia mfenesi kuteremka hadi mtoni ni kwa mjane, na maadamu mti huo umesimama, asisumbuliwe na yeyote. Siku hiyo nilikuwa mdogo, nacheza. Nilikua nikijua kwamba mfenesi ni mpaka. Sikujua kwamba ndio pekee uliokuwa umemshikilia Mama Mkubwa pale.

Baba na Mama Mkubwa walizungumza kupitia kwangu, hata waliposimama karibu kiasi cha kupeana mkono. "Mwambie shemeji mbuzi wake ana mdomo mrefu." "Mwambie shemeji mbuzi huyo kazaliwa hapa, hakuja kunyemelea." Nilikuwa nageuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama mpira, na sikuwa nabeba maneno yoyote, maana walikuwa wanasikiana. Nadhani nilianza kujiona mtu muhimu pale pale.

Upande wetu, chini ya mfenesi, kulikuwa na kahawa ya Baba. Ilikuwa kahawa dhaifu. Magugu yaliifika kiunoni, na matandazo hayakuwahi kuwekwa, kwa sababu Baba alikuwa mtu wa kilabuni zaidi kuliko shambani. Lakini kila msimu ulipokuja na vikapu vikarudi vyepesi, alitafuta wa kulaumu, na mara nyingi alimpata upande wa pili wa mpaka.

Halafu mwalimu wa sayansi akatufundisha chakula cha mimea. Alikuwa kijana mwenye sauti kali, na somo lile nalikumbuka kuliko masomo yote ya maisha yangu. Alifunika sehemu ya jani kwa karatasi jeusi, akaliacha mtini kwenye jua kwa siku kadhaa. Kisha akalichuma, akalichemsha kwenye spiriti mpaka likapauka, akalidondoshea dawa ya kahawia ile ile tuliyopakwa kwenye vidonda. Sehemu iliyoona jua ikawa nyeusi yenye ubluu. Sehemu iliyofunikwa ikabaki imepauka, na umbo la karatasi likaonekana kama alama ya kiraka kwenye nguo. Akasema weusi ule ni wanga. Jani limepika. Maji yametoka mizizini, hewa imeingia kupitia vitundu, na moto wa kupikia ni jua. Hakuna kinacholiwa duniani, alisema, ambacho hakikuwa jua kwanza. Mbuzi ni majani, majani ni jua, na nguvu tuliyokuwa tunaimaliza kwenye mpira ni jua la siku zilizopita, limewekwa akiba ndani ya ndizi na maharage.

Tukatoka nje, akatuonyesha mpera wa shule. Kwenye tawi moja alikuwa amemenya gome kulizunguka, mkanda mwembamba. Maji yanapanda kupitia mti wa ndani, akasema, kwa hiyo tawi halinyauki. Lakini chakula kinashuka kupitia gome. Mizizi iko gizani, haiwezi kujipikia, inangoja kuletewa. Ukikata gome pande zote, juu watakula mpaka wavimbe na chini watakufa njaa. Mtu akilifanya hilo kwenye shina lenyewe, mti utaonekana mzima kwa muda mrefu sana huku umeshakufa.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiutazama mkono wangu. Niliwaza kwamba ndani yake mna jua la shamba la Mama Mkubwa, la ndizi zake na kokwa zake. Wazo lile lilinipendeza. Ningelishikilia hilo, leo nisingekuwa naandika. Lakini mtoto husikia somo zima akaondoka na kipande. Mimi niliondoka na kipande kwamba jua ni chakula, na chakula nilichokijua mimi kiko kwenye sahani: akila huyu, yule anakosa. Jioni ile Baba alipoanza kuilalamikia kahawa, nikamwambia kwa majivuno kwamba kahawa yake ina njaa. Mfenesi uko juu, nikasema, unakula jua lote kabla halijafika chini. Kama angekuwa na mwanga zaidi, angevuna zaidi.

Baba aliniangalia kwa muda. Hakuwa na desturi ya kuniangalia.

Kesho yake alisimama mpakani, akalisema kwa sauti ili wanawake waliokuwa wakipita kwenda kuteka maji walisikie. "Shemeji, mti wako unakula jua la kahawa yangu. Mwanao kasoma, muulize."

Mama Mkubwa alikuwa anapalilia maharage. Hakuniuliza. Aliegemea jembe, akatazama magugu ya Baba kutoka mwanzo hadi mwisho wa shamba, bila haraka.

"Kahawa yako haina njaa ya jua, shemeji," akasema. "Ina njaa ya jembe."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akatua ndoo. Neno lile likafika kilabuni kabla ya Baba. Kwa muda mrefu kila alipoingia waliokuwa wakinywa rubisi, pombe ya ndizi, walimuuliza kama leo ameshiba jua au wamwongezee. Nami nilicheka kimoyomoyo, nakiri, lakini pia niliona aibu, kwa sababu ujinga uliochekwa ulikuwa wangu. Ndipo siku ile akiwa ananoa panga nyuma ya nyumba akaniita. Akaniambia mimi ndiye msomi wa nyumba yake. Akaniuliza kama mwalimu hakutufundisha namna ya kuukausha mti kimya kimya, ili kahawa ipate jua lake na watu wafunge midomo. Alisema kahawa. Nami niliamini ni kahawa, kwa sababu kahawa ilikuwa wazo langu mwenyewe.

Tulingoja siku ya gulio la Mugoma. Mama Mkubwa aliondoka asubuhi na mkungu kichwani, akaniambia uji uko jikoni umefunikwa. Niliunywa. Baba alikuwa amenipa panga, lakini nililiona litagonga na kusikika, kwa hiyo nikaingia jikoni kwake na kuchomoa kisu chake cha kumenyea ndizi pale alipokuwa akikichomeka, kwenye ukuta wa fito juu ya mafiga. Nilijua kilipo kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kukileta kila jioni.

Mama Mkubwa alikuwa ameurundikia mfenesi matandazo ya majani makavu ya migomba, mpaka goti. Niliyafukua, nikamenya gome chini kabisa, mkanda wa upana wa kiganja, nikauzungusha shina zima. Utomvu ulitoka mweupe kama maziwa, ukatiririka kwenye vidole, kwenye kisu, kwenye kaptula. Nilichokonoa mpaka mti wa ndani ukaonekana, unyevu na mng'avu kama mfupa wa mnyama aliyetoka kuchinjwa. Kisha nikayarudisha majani yote kama yalivyokuwa. Juu yangu mti ulikuwa umetulia, majani yake ya kijani kibichi yaking'ara. Hakuna jani lililotikisika kwa ajili hiyo.

Utomvu wa fenesi hautoki kwa maji. Nilisugua kwa mchanga, kwa majani, kwa sabuni ya kufulia. Vidole vikazidi kushikamana na kuwa vyeusi. Hivyo ndivyo Mama Mkubwa alivyonikuta aliporudi. Akasonya. Akanituhumu kwamba nimekwenda kukata fenesi changa kwa uroho, na kwamba ningevuruga tumbo nikamfanya yeye akeshe. Sikukana. Aliniketisha kwenye kigoda, akachota samli aliyokuwa akiibania mwezi mzima, akaanza kunisugua kidole kimoja kimoja, hadi kwenye kucha, akinichambua kwa maneno muda wote. Mikono yake ilikuwa migumu na ya moto. Alipomaliza akanipakulia. Nilikula yote, nikaongezwa.

Mwaka ule mfenesi ulizaa kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile. Mafenesi yalibanana kwenye matawi mpaka likawa jambo la kutazamwa na wapita njia, makubwa, mazito, na ukiyapasua utamu wake ulinata midomo. Mama Mkubwa alifurahi kama msichana. Alisema marehemu amemkumbuka. Aligawa kwa majirani, akapeleka kwa padre, na hata kwa Baba alinituma na fenesi zima, bila ujumbe wa matusi, na Baba akalipokea bila kunitazama. Mimi peke yangu nilijua. Mti ulikuwa unakula kila kitu huko huko juu, kwa sababu njia ya chini ilikuwa imekatwa. Utamu ule ulikuwa chakula cha mizizi. Alinichagulia vipande vinene vya katikati, akaniwekea kwenye jani, akanitazama nikila. "Kula, mwana wanje," mwanangu, kwa lugha ya kwetu. Nilikula, na kilikuwa kitamu, na hilo ndilo sijawahi kumsimulia mtu.

Kiangazi kilipofuata majani yakaanza kupauka, kisha yakawa ya njano, kisha yakadondoka kwa mafungu hata pasipo upepo. Mama Mkubwa alimwaga maji, akamwaga samadi, akaongeza matandazo, akizidi kulifunika jeraha lenyewe. Mvua ziliporudi kila kitu Nyakisasa kiliota isipokuwa mfenesi. Matawi yakawa meupe. Hapo Baba akaenda kwa wazee, akiwa amevaa shati lake la kanisani, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema alichokuwa anakitaka tangu mwanzo. Hakutaja kahawa. Alisema, mlisema maadamu mti umesimama. Aliyeupanda amekufa na mti wake umekufa. Huyu mwanamke anangoja nini?

Wazee walikuja kuuangalia. Mmoja akayasukuma matandazo kwa fimbo, na mkanda ule ukatokea, umekauka, umekuwa wa kijivu, na kwenye kingo zake gome la juu limevimba kama mdomo wa mtu aliyepigwa. Mzee mkuu akamgeukia Mama Mkubwa. Alimwambia kwa upole kwamba mti uliokufa wenyewe ni jambo moja na mti uliouawa ni jingine. "Mtaje aliyeukata," akasema. "Kama ametoka nyumba ya shemeji yako, mpaka unabaki palepale, mti au pasipo mti."

Mama Mkubwa aliinama, akaugusa ule mkanda. Alinusa vidole vyake. Kisha akainua uso, na hakuniangalia usoni. Aliangalia mikono yangu.

Nilijua anakumbuka kile kigoda na ile samli. Nilijua sasa neno moja tu linahitajika, lake au langu. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, nilisikia anavyopumua. Kila mtu wa pale alimjua Baba na mkono wake, na Mama Mkubwa alimjua kuliko wote. Angenitaja, angebaki na shamba, nami ningerudi jioni ile kwenye nyumba ya kulala, peke yangu na mtu niliyemponza.

"Sijui," akasema.

Mzee akauliza tena. Akajibu vilevile. Mzee akauliza kama kuna yeyote mwingine anayejua, naye aliuliza akinitazama mimi, nadhani, au ndivyo ninavyomwona mpaka leo. Nilitazama chini. Palikuwa na siafu wanapita juu ya majani makavu wakibeba vipande vya kitu. Niliwatazama mpaka kikao kikavunjika.

Ardhi akapewa Baba. Kaka yake Mama Mkubwa alikuja kumchukua kutoka Biharamulo, na vitu vyake havikuwa vingi. Nilitaka kubeba chungu. Akakichukua mikononi mwangu bila hasira, kama mtu anayechukua kilicho chake, akamkabidhi kaka yake. Kisu cha kumenyea ndizi alikiacha kimechomekwa pale pale ukutani.

Kuhusu kahawa, nimalize haraka. Ilipata jua lote nililoiahidi. Kiangazi kilichofuata majani yake yaliungua kingo, yakageuka rangi ya tumbaku, na Baba akaing'oa akapanda mihogo. Kivuli cha mfenesi kilikuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa kikiitunza, maana sisi hatukuitunza. Baba hakuwahi kulizungumza. Mimi niliendelea na shule nikiwa na njaa. Nilijifunza kuchemsha mihogo, na tukala wawili kimya, kila mtu akiutazama ukuta wake. Alikufa sijamsamehe, na sioni sababu ya kujifanya vinginevyo kwenye karatasi.

Nilipomaliza sekondari nilikwenda Biharamulo nikiwa na mfuko wa sukari na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya kaka yake, ameketi karibu na moto, chungu kinachemka. Alikuwa amekonda, mvi zimemjaa. Nikapiga goti. "Shikamoo, Mama Mkubwa." Akajibu marahaba, akaniuliza habari za Nyakisasa, za huyu na yule, kila jina kwa zamu yake. Nikamweleza yote niliyotenda. Alisikiliza bila kunikatiza. Harufu ya ndizi na maharage ilikuwa inatoka kwenye chungu, nami nilikuwa nimetembea tangu alfajiri. Watoto wa kaka yake wakaja na sahani, akawaambia wangoje kwanza. Tukangoja. Jua likashuka. Ninyi mnajua kwetu mgeni hata akiwa adui hawezi kukaa jikoni pako mpaka jua lishuke bila kuwekewa kitu. Nilianza kuelewa kwamba chungu kitaepuliwa nitakapokuwa nimeondoka.

Niliposimama ndipo aliponitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya wazee.

"Nilikulisha mpaka ukapata nguvu za kushika kisu," akasema. "Inatosha."

Nikauacha mfuko wa sukari mlangoni. Sikurudi tena, na habari za kifo chake zilinifikia baada ya matanga kwisha. Hakuna aliyeona sababu ya kunitumia ujumbe. Wapo wanaosema yale yalikuwa mambo ya Baba na ardhi yake. Ardhi hiyo ninayo mimi sasa, kuanzia pale ulipokuwa mfenesi kuteremka hadi mtoni, na nailima, na inanipa chakula. Lakini mama aliyenizaa alichukuliwa na ugonjwa kabla sijamjua. Huyu wa pili nilimpoteza mwenyewe, kwa kisu chake, nikiwa nimeshiba uji wake, na tangu hapo sijawahi kuwa na mama.